Sinia la Maji Ndani ya Pikapu

Harufu ya dizeli iliyokaa kwenye kopo la maziwa ya unga siwezi kuichanganya na nyingine yoyote. Dizeli ya kituo cha mafuta inanuka dizeli tu. Ile ya kwenye kopo, iliyoloweka nati zenye kutu kwa siku mbili tatu, inanuka dizeli, chuma, na uchachu fulani wa jasho la mtu aliyekataa kupumzika. Mwezi uliopita niliisikia uwanjani kwangu. Dada yangu Vero alikuwa ameniletea udongo wa kuinulia uwanja, akaegesha pikapu, akaingia chini yake kukagua kitu, na kutokea huko akaniagiza nimsogezee kopo lake. Nilipoliinamia, harufu ikanipanda puani, na papo hapo nikawa na miaka kumi na mmoja, niko nyumbani kwetu Mlabani, Ifakara, nimesimama juu ya mtaimbo na nguo ya shule, mnene kuliko watoto wote wa mtaa, na kwa mara ya kwanza maishani unene wangu una kazi.

Wacha niwaeleze kuhusu hiyo pikapu, maana ndiyo hiyohiyo.

Baba aliinunua ikiwa imeshachoka, akaitumia kusombea mpunga wa watu kutoka mashambani kuja mashineni. Ili ibebe magunia mengi, aliiongezea majani ya springi nyuma. Nyuma ikapanda, mbele ikabaki palepale, kwa hiyo ikiwa tupu ilisimama kama ng'ombe anayekunywa maji. Watu wa Ifakara hawana haya, walimwita Baba kwa jina hilo la ng'ombe mpaka akaacha kuitika. Lakini kicheko hakikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa njia ya mashambani, ambayo mvua za masika zikikaribia kuisha hubaki na tuta refu la tope katikati, na ile pua iliyoinama ililima tuta lote kutoka mwanzo hadi mwisho. Msimu mmoja bampa ya mbele ilibaki kwenye tope. Tulirudi nayo nyumbani ikiwa juu ya magunia, na mimi nimeikalia isianguke.

Baba akaagiza vifaa vya kuinua mbele kutoka Dar. Vilikuja kwa basi, kwenye kiboksi kizito kisicholingana na udogo wake: vipande viwili vya chuma vya mviringo, vinene kama maandazi mawili yaliyopandanishwa, pamoja na bolti zake. Mafundi huviita spesa. Kimoja kinakaa juu ya springi na shokapu ya kulia, kingine juu ya ya kushoto, na pua ya gari inapanda inchi mbili ikalingana na nyuma. Baba alikisukuma kile kiboksi chini ya kitanda chake na kusema tutamsubiri Fundi Chande wa Kidatu, aliyewahi kutengeneza malori ya kubebea miwa na ambaye, kwa maneno ya Baba, alikuwa fundi pekee aliyebaki katika bonde zima. Fundi Chande alisema anakuja kesho. Alisema hivyo kwa wiki sita.

Na wakati huo wote, chumba cha pili, alikuwa amelala fundi mwingine.

Vero alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa amemaliza chuo cha ufundi miezi minne iliyopita, na cheti chake alikiviringisha ndani ya mfuko wa nailoni kisipate unyevu. Cheti kilisema ufundi magari. Baba alimpeleka chuoni akiamini anakwenda kusomea ushonaji kama Mama, na aligundua ukweli mwaka wa kwanza ulipokwisha, Vero aliporudi likizo na kucha nyeusi. Alimwacha amalize kwa sababu alikuwa ameshawatangazia wanakwaya wote kwamba binti yake yuko chuo. Mama alijua tangu siku ya kwanza. Mama alijua mambo mengi tangu siku ya kwanza.

Gereji za mjini zilimkataa Vero kwa adabu. Moja ilimwambia nafasi hakuna, wiki iliyofuata ikachukua vijana wawili. Nyingine ilimpa kazi ya kufagia, akafagia siku tatu, akaacha ufagio umesimama mlangoni. Baba akaona imetosha. Dada yake, shangazi yetu, alikuwa na mgahawa Kidatu, na Baba akapanga Vero ahamie huko akapikie wafanyakazi wa miwa chapati na maharage. Hakuuliza. Alisema tu kwamba Jumapili baada ya misa atapanda basi.

Jumatano ya wiki hiyo Baba mwenyewe alikwenda Kidatu kwa mambo mawili: kukubaliana na Shangazi, na kumleta Fundi Chande kwa kumshika mkono. Kabla ya kuondoka alisimama uwanjani, akanyoosha kidole kwenye pikapu, akamwambia Vero, "Hii usiiguse."

"Nimesikia, Baba," Vero alisema.

Nawaomba muangalie alivyojibu. Alisema amesikia. Mpaka leo akiulizwa anasema kusikia ndicho kitu pekee alichoahidi.

Basi la Baba lilikuwa halijafika hata kivuko cha reli wakati Vero alipokuwa ameingia chini ya kitanda na kutoka na kiboksi. Mama alikuwa barazani kwenye cherehani yake. Alimtazama Vero, akatazama kiboksi, akainuka, akaigeuza cherehani ikaelekea ukutani, akaketi tena akitupa mgongo. "Mimi nina kazi za watu hapa," alisema. "Siwezi kuona kila kinachopita uwanjani." Kisha akavua tepu ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake na kuitundika kwenye msumari, mahali ambapo mkono wa Vero ungeifikia.

Siku ya kwanza iliisha kwa kulowesha. Vero alipaka dizeli kwenye kila nati kwa brashi ya zamani ya kupakia rangi, akaniambia kutu haipigwi, inabembelezwa. Siku ya pili ndiyo ilikuwa siku. Aliigeuza pikapu mbele ielekee barabarani ili apate kivuli cha nyumba, akaweka mawe mawili mbele ya magurudumu ya nyuma, akapiga jeki, akaingiza vigogo vya mtiki chini ya chesisi. Kila alipofungua nati alinipa mimi, niliyevaa nguo ya shule na kuishia uwanjani, niweke kwenye sahani. Moja ilinidondoka, ikabingirika uwanja mzima hadi barabarani, na mwenye bajaji aliyeiokota hakuirudisha mpaka aulize maswali yake.

"Fundi yuko wapi?"

"Yuko chini ya gari," nilisema.

Aliinama, akaona miguu ya Vero na kanga aliyojifunga juu ya suruali. "Huyu si dada? Sista, umedondosha sindano huko chini?"

"Nimeshaipata," sauti ya Vero ilitoka huko. "Njoo nikushonee mdomo."

Habari ikaenea. Kufikia saa nne kulikuwa na baiskeli saba zimeegeshwa kwenye uzio wetu. Kuna waliosema pikapu itaanguka, kuna waliosema imeshaanguka ila haijajua. Mfugaji mmoja wa Kisukuma, aliyekuja mjini kununua dawa ya ng'ombe, ndiye pekee aliyekaa kimya, kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha taratibu kama huyo binti ana mchumba. Mama aliongeza kasi ya cherehani.

Springi na shokapu ya kulia zilitoka pamoja bila shida. Vero akafunga spesa juu yake, akairudisha mahali pake, na hapo ndipo ikagoma. Kwa kuwa sasa imekuwa ndefu, tundu la chini lilikuwa halifikiani na bolti. Mkono wa chini wa gurudumu ulipaswa kushuka, na haukutaka kushuka. Vero akapitisha mtaimbo, akauning'inia kwa uzito wake wote. Vero alikuwa mwembamba kama fito ya mkeka, na mtaimbo haukushughulika naye.

Akanitazama. Shuleni niliitwa Gunia. Nilikuwa nimelia kwa sababu ya jina hilo, nimepigana kwa sababu yake, nimekataa kucheza kamba kwa sababu yake.

"Skola," Vero alisema. "Panda."

Nilipanda. Mtaimbo ukashuka, mkono ukashuka, Vero akasukuma bolti na ikaingia ikitoa mlio mmoja mtamu. Sikuwahi kujisikia vizuri hivyo mbele za watu, na nilipoambiwa nishuke niliendelea kusimama pale kwa muda ambao haukuhitajika.

Upande wa kushoto ulitumia Ijumaa nzima, maana kiungo kimoja kilikuwa kimeshikana na Vero alikigonga nyundo mpaka chakula cha mchana kikapoa. Lakini jioni magurudumu yalirudi chini. Vero akachukua tepu ya Mama, akapima kutoka ardhini hadi ukingo wa chini wa bodi, mbele, kisha nyuma, kulia, kisha kushoto. Akapima tena. Namba zilikuwa zilezile. Alikaa chini kwenye vumbi akiwa na tepu mkononi, na mimi nikakaa karibu naye nikinuka dizeli kama mtu mzima.

Jumamosi mchana Baba alirudi na Fundi Chande.

Tuliwaamkia. Fundi Chande, mzee mfupi mwenye viatu vya ngozi vilivyopakwa rangi vizuri, aliitikia marahaba. Baba hakuitikia. Alikuwa anaitazama pikapu, na pikapu, kwa mara ya kwanza tangu tuwe nayo, ilikuwa inamtazama usoni. Alizunguka gari zima mara moja.

"Kesho utapanda basi," alimwambia Vero. "Shangazi yako anakusubiri."

"Kwanza pima, Baba." Vero hakupaza sauti. "Ikiwa haiko sawa nitakwenda, na sitasema neno. Ikiwa iko sawa, siendi."

Majirani walikuwa wameshaanza kukusanyika uzioni. Baba aliwaona. Aliikataa tepu ya Mama, akasema hiyo ni ya kupimia magauni. Akaingia ndani, akatoka na sinia.

Lazima niwaeleze sinia hilo. Baba alikuwa mkulima wa mpunga kabla ya kuwa mwenye gari, na mkulima wa mpunga hasawazishi jaruba kwa macho. Anaingiza maji: penye udongo uliojitokeza anakwangua, penye maji ya kina anajaza. Baba alikuwa ameichukua imani hiyo na kuileta nyumbani. Kabati la Mama alilipima kwa sinia la maji. Kitanda changu alikipima. Meza ya mwalimu mkuu aliyoitengeneza seremala jirani aliipima bila kuombwa, na tangu hapo seremala hakumsalimia. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa alipolijaza maji nusu, akapanda nyuma ya pikapu na kuliweka katikati ya bodi.

Maji yalikimbilia mbele. Upande wa mbele wa sinia ulikuwa karibu kufurika, na upande wa nyuma bati lilikuwa kavu linang'aa.

"Mmeona," Baba alisema, na hakuwa anasema na sisi, alikuwa anasema na uzio. "Bado imeinama."

Nilimtazama Vero. Nilitegemea aseme kitu, huyu aliyekuwa na jibu kwa mwenye bajaji na kwa kila mwenye baiskeli. Hakusema. Alisimama wima akimkazia Baba macho, midomo imebana. Fundi Chande alikuwa ghafla ameona kitu cha kuvutia kwenye kofia yake. Cherehani ya Mama ilikuwa imesimama.

Mimi nilikuwa nafagia uwanja ule kila asubuhi. Nilimwaga humo maji ya vyombo mchana na jioni, na nilijua yanakwenda wapi. Nilijua ile nati ilikokwenda. Nikasema, "Baba, uwanja ndio umeinama."

"Nyamaza."

Katika nyumba yetu neno hilo lilikuwa likisemwa mara moja tu. Nilipanda kwenye pikapu, nikalichukua sinia kutoka miguuni pake, nikashuka nalo taratibu nisimwage, nikaliweka chini uwanjani, mbele yake, mbele ya fundi, mbele ya uzio wote. Maji yakafanya vilevile. Yakakimbilia barabarani, yakapanda ukingo, yakamwagika juu ya viatu vya Fundi Chande.

Mzee yule alitazama viatu vyake. Kisha akainama, akachungulia chini ya gari upande mmoja, akazunguka, akachungulia upande wa pili, akagusa bolti moja baada ya nyingine kwa kidole. Ilimchukua muda. Aliposimama alijifuta mikono ingawa haikuwa na kitu.

"Baba Vero," alisema, "gari hili liko sawa. Mimi naomba maji ya kunywa, kisha niwahi basi."

Baba akanigeukia mimi. "Mwombe radhi baba yako."

Nilikuwa mtoto mwenye adabu, waulizeni walionilea. Niliamkia hadi watu nisiowajua. Lakini siku hiyo neno lilifika kooni likakuta mlango umefungwa. Baba akaniambia nipige magoti palepale hadi litoke. Nikapiga magoti kando ya gurudumu la mbele. Watu wa uzioni waliondoka mmoja mmoja kwa aibu ya kuangalia. Vero alikuja akakaa chini pembeni yangu na hakuniambia niombe, na Mama alileta chai, akaiweka chini, akarudi. Jua lilipozama Baba alipita akasema niingie ndani nikale. Magoti yalikuwa yameingia changarawe. Neno halikutoka.

Jumapili basi la Kidatu liliondoka bila Vero. Wiki iliyofuata pikapu ilipita juu ya lile tuta la tope bila kuligusa, Vero akiwa kwenye usukani kwa sababu Baba alisema mgongo unamuuma. Ulimuuma msimu mzima. Leo Vero ana gereji yake karibu na mashine za mpunga, ana vijana watatu anaowafundisha, wawili wasichana, na pikapu Baba alimwachia bila sherehe yoyote, kwa kuacha tu kuuliza ufunguo uko wapi.

Kwa miaka yote hiyo niliamini kwamba Baba alikosea. Nilimsamehe kwa sababu hiyo. Mtu amezoea majaruba, anaona maji yameinama, anadhani gari limeinama. Kosa la mkulima. Niliwahi hata kulisimulia kwa kucheka mbele ya wanafunzi wangu.

Mwezi uliopita, basi, Vero alipokuwa bado chini ya pikapu na mimi nimeshika lile kopo, Baba alifika. Amezeeka, anatembea na fimbo, ila hakuna anayemwaga udongo Ifakara bila yeye kupata habari. Alikuwa na sinia kwapani. Aliwasimamia vibarua wangu, akawaeleza namna ya kushindilia: udongo uanzie juu ukutani, ushuke kuelekea barabarani, ili mto ukipanda tena maji yasiingie ndani. Akaweka sinia chini, akamimina maji, akawaonyesha yanavyopaswa kukaa, upande wa barabara yajae, upande wa nyumba bati lionekane kavu.

"Ule wa Mlabani niliuinamisha mwenyewe," alisema kwa fahari, "kwa koleo, mwaka ule maji yalipotukuta vitandani. Wewe Skola ulikuwa bado mgongoni. Nilikuwa napima kwa sinia hilihilo, hatua kwa hatua."

Niliweka kopo chini. Nilimtazama mzee huyu, sinia, na ule upande mkavu wa bati. Alikuwa anajua. Alipolipandisha lile sinia kwenye bodi mbele ya majirani, alijua maji yatakwenda wapi, kwa sababu yeye ndiye aliyeyapangia njia.

Alipoingia ndani kunywa chai niliinama chini ya gari. Vero alikuwa amelala chali, spana kifuani. Alikuwa amesikia yote.

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Mimi ndiye niliyekuwa namshikia sinia," alisema. "Nilikuwa na miaka tisa."

"Kwa nini hukusema? Ungekwenda Kidatu?"

Alifikiri huku akikaza nati, akiisikiliza. "Nilikuwa nasubiri aseme mwenyewe," alisema. "Ningemsubiri mpaka basi liondoke."

Nilikuwa nimedhani siku ile alishindwa. Nimeelewa sasa kwamba alikuwa amempa baba yetu nafasi, akasimama pale wima akiishikilia kwa mikono miwili, na Baba hakuichukua. Nampenda Baba. Nampelekea samaki kila Ijumaa, na siku atakayotutoka nitalia kuliko wote. Lakini sijampa nafasi ya namna hiyo na sidhani kama nitampa. Vero ana moyo wa kusubiri. Mimi niliumbwa kwa kazi nyingine, ya kupanda juu ya mtaimbo.

Niliingia ndani. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti changu, akapepesa macho kuniona nimesimama mbele yake. Nadhani alielewa kwamba nimeshajua. Alitazama kikombe, akakizungusha, chai ikatulia.

"Mtoto mbishi wewe," alisema polepole. "Mpaka leo hujaniomba radhi."

"Bado, Baba," nilimwambia, nikammiminia chai nyingine.